Hatua Stahiki Zilichukuliwa

Katika ukoo wetu mchumba akitajwa, kabla hajapikiwa hata chai, shangazi anatumwa kwenda kuuliza. Na hatuulizi kidogo. Tunauliza babu yake alikufa kwa ugonjwa gani, bibi yake aliolewa mara ngapi, kama kwao kuna kifafa, kama wana ugomvi wa mipaka, kama wakiazima jembe wanalirudisha. Tunauliza majirani, tunauliza waliogombana na majirani, na mwisho kabisa tunamuuliza mchungaji, ambaye kwa kawaida anajua kidogo kuliko wote. Shangazi wa ukoo wetu ni mimi. Nimewachunguza wachumba wa wadogo zangu, wa binamu zangu na wa watoto wa binamu zangu. Wapo wanaume hapa Tabora ambao wakiniona natoka sokoni na madumu yangu ya asali huvuka barabara, na wana sababu zao.

Kwa hiyo mtoto wa marehemu kaka yangu aliponiambia kwamba amepata mchumba, nilifurahi kwa ajili yake na nilifurahi kwa ajili yangu, maana nilikuwa nimekaa muda bila kazi. Huyu binti nimemlea mimi tangu kaka alipofariki. Ni mpole, anauza kwenye duka la dawa si mbali na stesheni, na ana tabia ya kusoma karatasi ya maelezo ya dawa hadi mwisho, hata pale panapoandikwa mambo ya kutisha. Nikamuuliza kijana anafanya kazi gani. Akasema ni polisi, koplo, amehamia hapa mjini karibuni. Nikasema vizuri, mshahara wa serikali hautegemei mvua. Akaangalia sakafu.

"Ila shangazi, kuna maneno."

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Siku moja kijana alipita dukani kumsalimia, na mteja mmoja, mama wa kutoka njia ya reli ya Mpanda, akamtambua. Kijana alipoondoka, yule mama akasema huyu ndiye askari aliyemuumiza mtu akiwa mahabusu kule kwao, watu wakalalamika, akaondolewa. Mpwa wangu hakukaa na jambo hilo moyoni. Jioni ile ile alimuuliza. Kijana hakukana na hakukubali. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na malalamiko, yakashughulikiwa kiofisi, yakaisha, na kwamba hana ruhusa ya kuyazungumza.

"Mimi nampenda, shangazi," mpwa wangu akaniambia. "Sitaki kumwacha kwa maneno ya dukani, na sitaki kuolewa huku nimefumba macho. Nataka kujua alifanya nini na wakubwa wake waliamua nini. Nikishajua nitaamua mwenyewe."

Niliona ni ombi dogo. Nilikuwa sijui serikali.

Niseme pia kwamba kijana mwenyewe nilimpenda. Alikuja nyumbani akaniamkia kwa heshima zote, akakuta mlango wangu wa uani umelegea bawaba, akaomba bisibisi akautengeneza bila kutumwa. Nikampa matobolwa na karanga. Wageni wengi wakipewa viazi vilivyokaushwa hutafuna kwa huzuni, yeye akala akaongeza. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hadi nikaona aibu ya sakafu yangu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mbaya kwa kusikia tu, ndiyo maana nilianza kazi yangu nikiwa upande wake.

Kwanza nilikwenda kwao, vijijini huko upande wa Bukene. Kule mambo yalikwenda kama inavyotakiwa. Nilishuka, nikapokewa kwa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka mayu", nikakaa kwa mama mmoja anayeuza mchele, na kabla jua halijawa kali nilikuwa najua kila kitu. Babu yake alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Baba yake anaimba kwaya Katoliki na anapotewa na sauti kwenye wimbo wa pili. Shangazi yake, yaani mwenzangu kikazi, aliwahi kuachika kwa sababu ya ukali, nikamheshimu papo hapo. Nilionyeshwa hata mti ambao kijana alianguka kutoka juu yake akiwa mdogo akavunjika mkono. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho, na hakuna aliyeniambia nirudi Jumatatu. Nilirudi Tabora najua ukoo mzima wa yule kijana, ila lile jambo moja nililotumwa hawakulijua hata wao. Walichojua ni kwamba mtoto wao amepewa uhamisho kwenda mjini, na walikuwa wamechinja mbuzi kwa furaha.

Nikaamua kwenda ofisini. Sitasema ofisi ipi, maana ina watu wenye shughuli nyingi. Nilivaa kitenge changu cha ibada, nikabeba chupa ndogo ya asali ya kuonyesha kwamba mimi ni mtu mwema, na nikasimama kaunta. Kijana wa zamu aliniamkia vizuri.

"Shikamoo mama. Una tatizo gani?"

"Marahaba mwanangu. Sina tatizo. Nina mkwe."

"Mkwe amefanyaje?"

"Hilo ndilo ninalotaka kujua."

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini, akaniambia kwa upole sana kwamba faili za nidhamu za askari ni siri. Nikamuuliza ni siri ya nani. Akasema ya ofisi. Nyuma yake ukutani zilikuwa zimebandikwa picha za watu wanaotafutwa, mmoja kwa wizi wa ng'ombe, mwingine kwa nyaya za umeme, majina yao matatu matatu, hadi mwenye kovu ametajiwa kovu lake.

"Na hao wameshahukumiwa?" nikauliza.

"Hapana mama, hao ni watuhumiwa tu. Tunawabandika ili wananchi wachukue tahadhari."

"Na mwananchi akitaka kuchukua tahadhari na askari?"

Akanitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtu aliyepotea njia ya kurudi kwao. "Mama, askari ndiye tahadhari yenyewe."

Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua, na labda kwa sababu hiyo aliona ni heri anipandishe kwa mkubwa wake kuliko kubaki na mimi pale kaunta. Mkubwa alikuwa na feni, kitambaa cha kufuma juu ya kiti, na adabu nyingi. Alipokea asali. Kisha akafungua mdomo na kutoa maneno ambayo nadhani huwa anayasema hata usingizini.

"Mama yangu, malalamiko yale yalichunguzwa, na hatua stahiki zilichukuliwa."

"Hatua gani, baba?"

"Stahiki."

"Zilikuwa kubwa au ndogo?"

"Zilikuwa zinastahiki."

"Alipokonywa cheo?"

"Siwezi kusema kwamba alipokonywa, na siwezi kusema kwamba hakupokonywa."

"Lakini ni koplo, naona alama za cheo mkononi mwake."

"Basi umeona mwenyewe," akasema kwa furaha, kana kwamba tumesaidiana.

Nikauliza kama yule aliyeumizwa alielezwa. Akasema mlalamikaji aliarifiwa rasmi. Aliarifiwa nini? Kwamba hatua stahiki zimechukuliwa. Ukutani mwake palikuwa na bango kubwa la rangi linalowahimiza wananchi kutoa taarifa bila woga. Nilikaa nikilitazama bango lile nikielewa taratibu kwamba taarifa katika jengo lile ni za kutoa tu. Za kupewa hazikuwa na bango.

Akanishauri niandike barua. Nikaandika. Nikaenda kuulizia, nikaambiwa imepokelewa. Nikaenda tena, nikaambiwa iko mezani. Nikaenda tena, nikaambiwa mwenye meza yuko semina. Semina yenyewe, nilidokezwa na dada wa kufagia, ilikuwa ya uwazi na utawala bora. Nilipigwa kalenda namna hiyo hadi yule kijana wa kaunta akawa ananiita shangazi.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika kwa sababu katika kanisa letu la Moraviani mzee mmoja wa kwaya alipochezea sadaka, jina lake lilisomwa mbele ya usharika wote, kosa lake likasemwa, muda wa kutengwa meza ya Bwana ukasemwa, na wajukuu zake wakiwa wamekaa benchi la mbele. Hakufurahi. Lakini hakuna aliyebaki anajiuliza, na muda wake ulipoisha alirudi kuimba na tukampa mkono. Mzee wa kwaya hana bunduki wala hana pingu, na bado tulijua. Huyu mwenye vyote viwili, ambaye alitaka kulala chumba kimoja na mtoto wa kaka yangu, alikuwa amefunikwa kuliko chungu cha mganga.

Wakati mimi nahangaika na meza ya mtu wa semina, upande wa mume nao walikuwa wanatafuta mshenga wa kuleta posa. Walichagua kwa busara zao zote. Wakamchukua sajenti mstaafu anayeishi hapa hapa Tabora, mzee mwenye kofia ya kufumwa na kitambi cha heshima, aliyewahi kufanya kazi na kijana kule kwenye kituo cha njia ya Mpanda. Walimchagua kwa sababu ya ulimi wake. Maisha yake yote ya kazi, walisema, hakuwahi kusema kitu. Walisahau jambo moja tu, jambo ambalo kule vijijini kwao pengine hawalikumbuki kila siku lakini hapa mjini tunalinywea chai. Yule mzee ni Mzaramo. Na sisi ni Wanyamwezi.

Kwa msomaji ambaye hana bahati ya kuwa na mtani, nieleze. Mababu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka huku hadi pwani, kwa miguu. Walioishiwa nguvu karibu na bahari waliuguzwa na Wazaramo, na waliokufa walizikwa nao, na katika kuuguzana na kuzikana kule wakaanza kutukanana kwa mapenzi, na hawajaacha hadi leo. Mtani anaweza kuja msibani kwako akalala mbele ya jeneza akidai marehemu alimkimbia. Anaweza kuchukua kitu chako mbele za watu na usikipate mpaka ukikomboe. Hukasiriki. Na neno la utani halimfuati mtu nyumbani. Hashitakiwi kwalo barazani wala kwa mkubwa wake wa kazi. Mtu akilipeleka huko, yeye ndiye anayechekwa.

Siku ya posa mzee alikuja na wenzake wawili, amevaa koti juu ya kanzu na kofia yake kichwani. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, aliomba sala, akanikonyeza akimaanisha leo ninyamaze. Mzee akasema maneno mazuri ya posa, yamepangwa vizuri, hakuna kilichozidi. Baba mdogo akauliza maswali mepesi. Nikaomba nafasi nikauliza langu.

"Kijana alihamishwa kule kwa sababu gani?"

"Kikazi," akasema mzee.

"Kwa kazi gani?"

"Ya kikazi."

Nikaona tumerudi pale pale kwenye feni na kitambaa cha kufuma. Nikainuka kama mtu anayekwenda kuongeza chai. Nilipomfikia, nikanyakua kofia.

Kichwa kilikuwa kipara kitupu, kinang'aa kuliko viatu vya mkwe. Nyumba nzima ikapasuka kwa vicheko, hata watu wake. Nikaivaa ile kofia juu ya kilemba changu.

"Kumbe ndicho mlichokuwa mnakificha, nyinyi watu wa pwani! Mmekuja kuoa kwa kofia ya kuazima!"

Nilimwona mzee akijizuia. Nilimwona sajenti ndani yake amekaa wima, na Mzaramo ndani yake anawashwa. "Mama huyu," akasema, "leo nimekuja kwa heshima."

"Heshima yako ninayo kichwani. Ikomboe."

Akatoa noti, nikaikataa. Akaahidi kuku, nikamwambia kuku wa Kizaramo hawana nyama, wana hadithi tu. Baba mdogo akasema, "Binti yangu, leo ni siku ya posa," nami nikamjibu kwamba utani hauna likizo, na wageni wakapiga makofi kuniunga mkono. Nikamwinamia mzee. "Nataka maneno, mtani. Huyu kijana aliadhibiwa nini?"

Mzee akajipapasa kipara. Kisha Mzaramo akamshinda sajenti.

"Ninyi Wanyamwezi mna kiburi!" akaruka kutoka kwenye kiti. "Mnauliza aliadhibiwa nini? Aliadhibiwa ninyi! Alimchapa makofi mtu mahabusu, mtu mwenyewe hana kosa, amebishana tu habari ya pikipiki yake. Wakubwa wakakaa, wakaagiza soda, wakasema huyu amezidi, huyu tumpe adhabu ambayo hataisahau. Apelekwe Tabora! Akaishi na Wanyamwezi, awaangalie sura zao asubuhi na jioni, ale viazi vikavu mpaka ajute kuzaliwa!"

Tulicheka hadi wengine wakatoka nje. Nami nilicheka, machozi yalinitoka. Nimezaliwa Tabora, nimesomea Tabora, naomba nizikwe Tabora, na hadi uzee huu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimi ni kifungu cha adhabu.

"Na nini tena?" nikauliza nikijifuta.

"Na onyo. La mdomo. Mlango ulifungwa, akaambiwa asirudie, na aliyemwonya alikuwa anatafuna." Akanyoosha mkono, nikampa kofia. Akaiweka vizuri kichwani, akakaa, na uso ukamrudia ule wa mwanzo. "Hayo ni ya utani, mtani wangu. Kesho ukiniuliza kwa akili zako timamu, mimi sijui kitu, na sijawahi kujua."

Ndipo nilipomwona mpwa wangu. Alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, na yeye peke yake hakuwa anacheka.

Tuliwajibu wageni kwamba watasikia kutoka kwetu, kama desturi. Usiku ule nilifikiri sana. Nchi nzima hii, na ofisi zake zote, na semina zake zote, na kumbukumbu iliyokuwa wazi kwa raia ilikuwa moja tu, imehifadhiwa ndani ya kipara cha Mzaramo, na ufunguo wake ni kumvua kofia. Na hata hiyo nilipewa kwa masharti kwamba siwezi kuitumia popote. Tena utani huwa na chumvi. Huenda soda ilikuwa chumvi. Huenda kutafuna kulikuwa chumvi. Nilimwambia mpwa wangu hivyo, nikijaribu, nadhani, kumtetea kijana.

"Basi twende tukamwone huyo aliyepigwa," akasema. "Yeye hawezi kutuambia ni siri."

Tulipanda basi hadi Kaliua, na kutoka Kaliua tukaendelea na njia ya Mpanda hadi mji mdogo ambao nao sitautaja. Nilikuwa nimejiandaa kupeleleza kwa ustadi. Sikuhitaji. Pale kijiwe cha bodaboda niliuliza kwa kuzunguka zunguka, na mama muuza karanga akanikatiza, "Unamtafuta yule aliyepigwa na koplo? Yuko pale anaziba pancha." Ile siri ya ofisi, kule ilikuwa inauzwa pamoja na karanga.

Tulimkuta chini ya kibanda cha bati, mtu wa rika la yule koplo, mke na watoto anao, ameshika tairi. Tulipomsalimia aligeuza kichwa chote, kama kuku anayesikiliza, akatuelekezea sikio la kulia. Nikamwambia sisi ni nani. Sikumdanganya. Nilidhani atatufukuza, nami ningemwelewa. Akatuvutia vigoda.

Alisema alisimamishwa barabarani, wakabishana kuhusu pikipiki, akawekwa ndani. Mle ndani alibishana tena, na koplo akamzaba makofi, upande mmoja, yakifuatana, mpaka akasikia kitu kama mlango unafungwa ndani ya kichwa. Damu ilitoka, kisha usaha, kisha hapakutoka kitu na hapakuingia kitu. Pikipiki aliiuza, kwa sababu malori yalikuwa yanamfikia kabla hajayasikia. Alilalamika, akaandikisha maelezo, akaitwa, akasubiri. Mwisho akaambiwa.

"Waliniambia hatua stahiki zimechukuliwa," akasema. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, na akauliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza habari za mjini. "Nyinyi mnatoka upande wake. Hivi alifanywa nini?"

Nimetumwa kuuliza maswali maisha yangu yote, na sijawahi kuulizwa moja lililoniuma vile. Mwenye sikio alikuwa hajui. Mimi, muuza asali, mtu baki, nilikuwa najua zaidi yake, na nilichokuwa nacho ni kichekesho.

"Sikuhitaji wamfunge," akaendelea. "Nilitaka kujua tu kama kuna mtu yeyote alimkalisha akamwambia, hapa ulikosea."

"Alihamishwa," nikasema. "Aliletwa Tabora."

"Tabora mjini?"

"Mjini."

Akabonyeza kiraka kwa kidole gumba. "Mimi daktari wa hapa aliniandikia niende Tabora, hospitali kubwa, wakaniangalie sikio," akasema. "Mpaka leo sijafika." Kisha akarudi kwenye tairi lake.

Mpwa wangu alihamisha kigoda akakaa upande wake wa kulia. Akamuuliza kama bado anaumwa, kama kuna kizunguzungu, dawa gani alipewa na alizimaliza au hakuzimaliza, na yule mtu akawa anamjibu taratibu, jambo moja moja. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza hayo kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda kununua karanga ambazo sikuzitaka. Tuliporudi, binti alilia kuanzia Kaliua, nami nililia huku najifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Siku ya majibu wageni wetu walikuja wengi, wengine wametoka Bukene alfajiri, wamebeba zawadi na wanawake wao wanapiga vigelegele tangu barabarani. Kijana mwenyewe alikuja, viatu vinang'aa. Wali ulikuwa umepikwa. Mzee mshenga alikaa na kofia yake, akaishikilia kidogo niliponyanyuka, watu wakacheka. Mpwa wangu alikuwa hajaniambia ameamua nini, na mimi sikumuuliza, kwa mara yangu ya kwanza.

Kwa desturi, binti huitwa mbele, akaulizwa na mkubwa wa ukoo kama anawajua wageni. Akisema anawajua, mambo yamekwisha, vigelegele vinapigwa na chakula kinaletwa. Akisema hawajui, mambo yamekwisha pia. Baba mdogo akamwita, akauliza, "Mjukuu wangu, unawajua wageni hawa?"

"Babu, naomba kwanza niulize swali moja," akasema. Akamgeukia mchumba wake. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ile anayowaulizia watu dukani wanaumwa wapi. "Yule mtu uliyempiga. Ni sikio lipi halisikii?"

Kijana alimtazama mshenga. Mshenga alikuwa anatazama chini. "Hilo lilishashughulikiwa kiofi..."

"Sikuulizi la ofisini. Nakuuliza sikio."

Watu wa Bukene hawakuelewa chochote, mama yake alikuwa bado anatabasamu. Na niseme haki, kijana alijaribu kujibu. Aliinua mkono wake wa kulia, akaufungua, akautazama. Akauzungusha kidogo hewani, polepole, kuelekea pale ambapo uso wa mtu ungekuwa.

"La kushoto," akasema.

Jibu lilikuwa sahihi. Chumba kizima kilikuwa kimeona alikolitoa. Mpwa wangu aliendelea kuutazama ule mkono mpaka kijana akauweka nyuma ya mgongo, kisha akamgeukia baba mdogo.

"Babu," akasema, "wageni hawa siwajui."